Mayai Makavu Yanayolisha Samaki

Somo letu la historia leo halina wafalme wala vita. Ni historia ya chakula, tena chakula kilicho kidogo kuliko punje ya mchanga.

Ninyi mlioko Isaka na vijiji vya jirani mtanifahamu upesi, maana mwayajua malambo. Mwezi wa Agosti udongo mweusi wa mbugani umepasuka, na mtu aweza kuvuka lambo kwa viatu vikavu. Mvua za Novemba au Desemba zikija, haupiti muda ila maji yamejaa vidudu vinavyorukaruka, na mahali pengine hata samaki wadogo. Wapo wasemao kuwa samaki hao wameanguka na mvua. Hawakuanguka. Walikuwamo udongoni wakati wote, wangali mayai.

Mwaka 1891 mtaalamu wa Kijerumani, Hilgendorf, alimwandika samaki mmoja wa namna hiyo kutoka madimbwi ya kati ya nchi yetu, akamwita Nothobranchius taeniopygus. Ndugu yake wa Unguja, Nothobranchius guentheri, aliandikwa mwaka 1893. Hawa hutaga topeni, dimbwi likikauka hufa, na mayai hubaki yakingoja mvua ya mwaka mwingine. Watu wa nchi za mbali wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo huwapenda sana kwa rangi zao. Hupelekeana mayai kwa posta, yamefungwa katika udongo wenye unyevu kidogo, na aliyeyapokea huyamwagia maji tu.

Lakini hapo ndipo taabu huanza. Kifaranga wa samaki ana kinywa kidogo mno, tena wengi hawali kitu kisichotikisika. Ukimpa unga, hautazami. Unga utaoza, maji yatachafuka, naye atakufa kwa njaa katikati ya chakula.

Taabu hiyo ni ya zamani. Nyumba ya kwanza ya kuonyeshea watu samaki hai ilifunguliwa London mwaka 1853, na mara watu wenye nafasi wakaanza kuweka matangi nyumbani. Chakula walikitafuta kwenye mabwawa kwa vyandarua vya kitambaa: viroboto wa maji, minyoo ya matope, na mabuu ya mbu. Ilikuwa kazi ya kila siku, na wakati wa baridi kali mabwawa yaliganda.

Mabadiliko yalitoka katika mashamba ya chumvi. Humo huishi mdudu wa jamii ya kamba, aitwaye artemia. Sisi tumwite uduvi wa chumvi, ingawa uduvi wanaokaushwa pwani ni wengine. Linnaeus, yule Mswidi aliyevipa viumbe majina, alimtaja tangu mwaka 1758, ila kwa muda mrefu hakuna aliyemwona kuwa na faida. Maji ya chumvi yakizidi ukali, uduvi huyu hutoa mayai yenye ganda gumu. Huelea, upepo huyasukuma ukingoni, na hapo huonekana kama vumbi la rangi ya kahawia. Yakikaushwa na kuhifadhiwa vema hukaa miaka mingi bila kufa. Gramu moja ina mayai zaidi ya laki mbili.

Mwaka 1933 Alvin Seale, mkuu wa jumba la samaki la Steinhart huko San Francisco, aliandika kwamba vifaranga wa uduvi huyu ni chakula kizuri cha samaki. Mwaka 1939 Rollefsen wa Norwe naye akaeleza jinsi alivyolisha vifaranga wa samaki wa baharini kwa chakula hicho hicho. Tangu hapo mfugaji aliweza kuweka chakula hai kabatini, ndani ya kopo, kama mtu awekavyo mbegu. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko matangi yote ya kioo.

Ila mwenye kopo ndiye mwenye amri. Mayai mengi yalitoka Marekani, San Francisco na baadaye Ziwa Kuu la Chumvi la Utah. Katika miaka ya 1970 wafugaji wa samaki wa kula nao waliyataka, yakaadimika, bei ikapanda. Mwaka 1976, katika mkutano wa FAO huko Kyoto, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walisema upungufu huo si wa kudumu: uduvi aweza kupandwa penye chumvi popote. Walipandwa Brazili, kisha Vietnam. Katika miaka ya 1980 walipandwa pia kwetu Afrika Mashariki, katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi, na kizazi chao kimedumu huko.

Pengine wauliza, mimi sina tangi la kioo, yanihusu nini? Yakuhusu ukila kambale, au ukivua sangara kwa ndoano, maana kambale wadogo ndio chambo. Kambale jike hutoa mayai maelfu kwa maelfu. Vifaranga huanguliwa baada ya siku moja au mbili, hula kiini walichozaliwa nacho, na kwa kadiri ya siku ya tatu au ya nne hicho kimekwisha. Wasipopata chakula hai, hufa kwa wingi. Hivyo mwangua kambale mara nyingi hutegemea kopo lililovuka bahari.

Namna ya kuangua ni hii. Chukua lita moja ya maji na gramu 30 hivi za chumvi. Tia kijiko kidogo cha mayai. Maji yawe vuguvugu, penye mwanga, na pampu ndogo iyapulizie hewa bila kukoma. Baada ya saa 24 hivi zima pampu. Maganda yataelea, vifaranga, wenye rangi ya machungwa, watakimbilia upande wenye mwanga. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa, uwalishe samaki siku ile ile, maana uduvi asiyelishwa hukonda, na samaki hapati kitu.

Asiye na kopo aanzie lamboni. Wakati wa kiangazi chukua udongo mkavu wa chini ya lambo, utie katika beseni, umwagie maji ya mvua, ukague kila siku kwa tochi. Humo mara nyingi huanguliwa viroboto wa maji, na pengine jamaa wa uduvi wa chumvi wanaoishi maji baridi. Usiingie lambo lenye maji miguu mitupu kwa ajili ya kazi hii, kichocho kimo. Nalo beseni ulifunike kwa chandarua, usije ukafuga mbu.