Picha Kando, Sauti Kando: Sinema Kutoka Lori Hadi Thika Road

Leo tuache kodi kidogo, tuongee kuhusu sinema.

Nilikulia Ruiru, na sinema kwetu ilikuwa kibanda cha mabati chenye mabenchi, runinga moja ya mgongo mrefu na watoto waliobanana wakitoka jasho. Kiingilio kilikuwa shilingi kumi. Filamu ilikuwa ya Kiingereza au ya Kichina, lakini tuliyemsikia ni DJ Afro, akisimulia juu yake kwa Kiswahili na Sheng, akiwabatiza waigizaji majina ya kwetu. Kibanda kizima kilicheka kwa pamoja.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi sinema za kidijitali zinavyofanya kazi, nikamkumbuka DJ Afro. Kwa wale wasiojua: studio kubwa za Marekani ziliungana mwaka 2002 chini ya jina DCI, na mwaka 2005 zikatoa toleo la kwanza la masharti ya filamu za kidijitali. Filamu huja kama furushi la mafaili liitwalo DCP. Picha ina faili lake la MXF, sauti ina lake. Halafu kuna faili dogo la XML, CPL, linaloiambia mashine ipi ichezwe na ipi. Ukitaka lugha nyingine, picha huigusi. Unaongeza faili la sauti na CPL mpya, basi.

Sasa sikilizeni. Wazo hili lilishapita Afrika Mashariki kati ya 1935 na 1937. Mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulizungusha lori lenye projekta Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani za kusini. Usiku ukiingia kitambaa kinatundikwa, watu wanakaa chini. Filamu ilikuwa ya milimita 16, na sauti ilitoka kwenye santuri. Ukibadilisha santuri, umebadilisha lugha. Ubaya wake ni kwamba sindano ikiruka, mdomo na maneno vinaachana. Bug ya kale hiyo!

Lakini tusidanganyane. Filamu zenyewe zilichaguliwa na wakubwa: minyoo, kilimo, kuweka akiba posta. Mwafrika alizungumziwa kwa lugha yake ili afundishwe. Ya kujifurahisha yalikuwa kwenye kumbi za mjini Nairobi, ambako enzi hiyo rangi ya ngozi iliamua nani aingie na akae wapi.

Baadaye milango ilifunguka, ila umbali ulibaki. Barabara ya Thika ilikuwa na Fox Drive-In, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Wangapi Ruiru walikuwa na gari? Kisha video ikaingia, vibanda vikazaliwa, na kumbi kubwa zikaanza kufa moja moja. Shan ya Ngara, kwa mfano, sasa ni Sarakasi Dome, mahali pa wanasarakasi na muziki. Thika Superhighway ilipozinduliwa mwaka 2012, safari ya kwenda kuona skrini kubwa ilifupika. Tatizo la barabara likapungua. La lugha likabaki palepale.

Nililiona mwaka jana nilipompeleka mama yangu sinema kwa mara ya kwanza maishani mwake. Taa zilipozimwa na skrini ikawaka, alinishika mkono. Alifurahia ukubwa ule, sauti inayopita nyuma ya kichwa, watu wakishtuka pamoja. Dakika kumi baadaye akaninong'oneza, "Wanasema nini?" Nikaanza kumtafsiria. Jirani akageuka mara moja, akageuka mara ya pili, nikanyamaza. Tulipotoka aliniambia, "Imekuwa nzuri, lakini nimeona tu, sikusikia."

Neno hilo limenikaa. Mwaka 1935 waliweza kubadilisha santuri kwenye giza, juu ya lori. DJ Afro alipata wasikilizaji kwa sauti yake. Leo mashine iliyo ukumbini inaweza kupokea sauti ya Kiswahili bila kuguswa hata fremu moja ya picha. Hakuna kikwazo cha kiufundi, wandugu. Kilichobaki ni ruhusa za wenye filamu, fedha za kurekodi, na mtu wa kuamini kwamba mama wa Ruiru ni mteja.

Mimi ninaamini. Alilipa tiketi kama wengine.