Mji wa Mawe na Chokaa

Msafiri atokaye Nyololo, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, amezoea baridi ya nyanda za juu na nyumba za matofali ya kuchoma. Afikapo bandarini Unguja hukuta ujenzi wa namna nyingine: kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zilizobebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba.

Utajiri uliosimamisha majumba hayo ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na watumwa, na wengi wao walitolewa bara. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake, Mkunazini, pana kanisa. Kwa hiyo mtu wa bara azurupo mji huu haangalii urithi wa wengine tu.

Kuikabili bahari ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Mreno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kasri la Sultani kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Majumba ya jirani yalivunjwa. Beit al-Ajaib likasalia. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, katika amani, huku likitengenezwa, sehemu yake kubwa iliporomoka na kuua watu wawili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji yakipenya darini, boriti huoza. Na saruji ikipakwa juu ya chokaa, unyevu hufungiwa ndani ya ukuta. Nyumba ya namna hii haina budi kuwa na mwenyeji mwenye kuitazama.

UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka 2009. Wageni huleta fedha, na fedha hununua chokaa. Walakini fedha hizo hizo hugeuza nyumba za watu kuwa hoteli. Wenyeji wakihamia ng'ambo, ni nani atakayepanda darini kabla ya masika?