Mtawanyiko wa Leza katika Fuwele: Historia Fupi

Fuwele ya lithiamu niobati iliingia katika maabara za leza katikati ya miaka ya 1960. Ilitarajiwa kubadili rangi ya mwanga wa leza na kuubebesha ishara za mawasiliano. Mwaka 1966, Arthur Ashkin na wenzake wa Bell Laboratories, Marekani, waliripoti kasoro: leza ya buluu au ya kijani ikipita humo kwa muda, mwale wake hupoteza umbo. Hali hiyo ikaitwa uharibifu, ingawa fuwele ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi hurudi kuwa safi.

Mwaka 1969, F. S. Chen wa maabara hizo hizo alieleza chanzo chake. Mwanga hung'oa elektroni penye mwangaza, nazo husogea na kunaswa penye giza. Mgawanyo huo wa chaji huzaa uga wa umeme unaobadilisha uwezo wa fuwele kupinda mwanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilibainika kwamba nyingi ya elektroni hizo hutoka kwenye atomi za chuma zilizomo kama uchafu.

Mtawanyiko wenyewe ulichunguzwa na Robert Magnusson na Thomas Gaylord, waliochapisha utafiti wao mwaka 1974. Hakuna fuwele isiyo na dosari. Vijidosari vya ndani na mikwaruzo ya juu hutawanya sehemu ndogo ya mwale. Mwanga huo uliopotoka hukutana na mwale mkuu, na mawimbi yao hufanya mistari myembamba ya mwangaza na giza. Fuwele huinasa mistari hiyo kama hologramu. Hologramu nayo hupotosha mwanga zaidi kuelekea upande ule ule, na mwanga ulioongezeka huzidi kuikoleza. Kwenye karatasi iliyowekwa nyuma ya fuwele, doa la leza huanza likiwa dogo na safi, kisha huzungukwa na wingu la mwanga linalotanda taratibu. Leza ya miliwati chache inatosha, mradi ipewe muda.

Mwaka 1979, Nikolai Kukhtarev na wenzake wa Kiev walichapisha milinganyo iliyoonyesha jinsi nishati inavyohama kutoka mwale mmoja hadi mwingine ndani ya fuwele. Katika fuwele ya bariamu titanati uhamaji huo ni mkubwa mno, hata mwale hutanuka upande mmoja kama kipepeo cha mkono. Mwaka 1982, Jack Feinberg aliutumia mtawanyiko huo kutengeneza kioo kinachourudisha mwanga kwenye njia uliyojia na kufuta upotovu wa picha.

Katika miaka ya 1980 ilithibitika pia kwamba oksidi ya magnesiamu, ikifikia takriban asilimia 5 ya molekuli, hupunguza sana kasoro ya mwale kupoteza umbo katika lithiamu niobati. Tangu hapo wakuzaji wa fuwele huchagua kiungo kwa kazi: magnesiamu kwa fuwele za kubadili rangi ya leza, chuma kwa zile za kurekodi hologramu.