Rufaa juu ya posho ya muda katika kesi za talaka: Makiso, Kisangani

Posho ya muda ni fedha ambazo mahakama humwamuru mume au mke azitoe kwa ajili ya mwenzake na watoto wakati kesi ya talaka ingali inasikilizwa. Haivunji ndoa, wala haisemi nani mwenye kosa. Inahakikisha tu kwamba watu wa nyumba ile wanakula, wana pa kulala, na watoto hawarudishwi kutoka shule kwa kukosa karo. Kesi ya talaka huweza kuchukua miezi mingi, kwa hiyo amri hii mara nyingi hugusa maisha ya kila siku zaidi kuliko hukumu yenyewe itakayokuja baadaye. Ndiyo maana hupingwa kwa nguvu.

Makiso ni mojawapo ya komini sita za Kisangani, na ndipo kilipo kitovu cha utawala na biashara cha mji. Huko, kama kwingineko Kongo, kesi ya talaka huanzia kwenye mahakama ya amani. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inamtaka hakimu ajaribu kwanza kuwapatanisha wanandoa, na inamruhusu kuchukua hatua za kuwalinda wao, watoto na mali wakati shauri linaendelea: nani abaki ndani ya nyumba, watoto wakae na nani, nani atoe kiasi gani. Talaka hutolewa tu pale hakimu anaposadiki kwamba ndoa imeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Posho haisubiri hadi hapo. Maadamu ndoa ipo, wajibu wa kusaidiana nao upo.

Kiasi hupimwa kwa mambo mawili, haja ya anayeomba na uwezo wa anayedaiwa. Sheria ya Kongo haikuweka kiwango. Uganda, katika Sheria ya Talaka ya 1904, ilifuata njia nyingine: posho ya mke wakati wa kesi haikupaswa kuzidi sehemu moja ya tano ya wastani wa mapato halisi ya mume kwa miaka mitatu iliyotangulia. Kipimo kama hicho kinahitaji mapato yanayojulikana. Kisangani, mwalimu au mfanyakazi wa serikali anayepokea mshahara benki huacha karatasi nyuma yake. Mwendesha toleka (teksi ya baiskeli), mfanyabiashara anayeshusha mpunga kwa mto, au mnunuzi wa almasi haachi karatasi. Hapo hakimu hutegemea mashahidi, kodi ya nyumba anayolipa mtu, shule anazosomesha, mali inayoonekana. Rufaa nyingi za posho huwa na mzizi wake hapa: mmoja anasema amekadiriwa zaidi ya alivyo, mwingine anasema mwenzake amejificha nyuma ya umaskini wa maneno.

Je, amri ya muda yaweza kukatiwa rufaa kabla kesi haijaisha? Utaratibu wa kesi za madai Kongo ungali unaongozwa na dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, iliyotiwa saini miezi michache kabla ya uhuru. Kanuni yake ya jumla ni kwamba uamuzi wa njiani haukatiwi rufaa peke yake. Husubiri hukumu ya mwisho, kisha vyote viwili hupingwa pamoja. Kanuni hiyo inazuia kesi kukatwa vipande vipande. Lakini dekreti imetenga maamuzi yanayompa mtu fedha za kujikimu wakati kesi inaendelea. Hayo yanaweza kupingwa mara moja, na ni haki iwe hivyo: fedha iliyokwisha kuliwa hairudi, na njaa iliyokwisha kupita haifidiwi na hukumu nzuri ya mwaka ujao.

Rufaa hupelekwa kwenye mahakama iliyo juu ya ile ya amani, ambayo watu wa mji huiita grande instance. Muda ni siku 30, na huanza kuhesabiwa pale hukumu inapokabidhiwa rasmi kwa mhusika na mjumbe wa mahakama, si siku iliposomwa barazani. Aliyehukumiwa bila kuwapo ana njia nyingine kwanza: kurudi kwa hakimu yuleyule na kupinga hukumu hiyo. Mkata rufaa hutoa tamko kwa karani, na lazima alete nakala rasmi ya hukumu anayoipinga. Rufaa kadhaa hufa hapa. Nakala hulipiwa, na karani asipoitoa, au mtu asipoifuatilia, mahakama ya juu hukataa kuingia katika shauri. Asiye na fedha aombe cheti cha ufukara kwenye huduma ya jamii, kisha aulizie ofisi ya ushauri wa bure ya mawakili, ambayo kila baraza la mawakili linapaswa kuwa nayo.

Sasa lile ambalo ningependa kila mama na kila baba mwenye kesi alijue. Kwa kawaida rufaa husimamisha utekelezaji. Maana yake ni kwamba mtu aliyeamriwa kutoa posho anaweza kukata rufaa asubuhi na kuacha kutoa jioni, hata kama rufaa yake haina kichwa wala miguu. Kinachomzuia ni maneno mawili ya Kifaransa, ambayo hukaa karibu na mwisho wa hukumu: exécution provisoire. Hakimu akiyaandika, posho hulipwa ijapokuwa rufaa imekatwa. Anaweza kuyaandika pamoja na sharti la dhamana au bila dhamana. Asipoombwa, mara nyingi huyaacha. Hukumu huandikwa kwa Kifaransa hata pale wanandoa walipojieleza kwa Kiswahili au Kilingala, na wengi hutoka mahakamani wakijua kiasi walichopewa bila kujua kama kinaweza kudaiwa kesho.

Wakili, au avoka kama asemavyo mtu wa Kisangani, aombe maneno hayo tangu ombi la kwanza. Yakikosekana, mlango haujafungwa: anayedai posho anaweza kuiomba mahakama ya juu iamuru utekelezaji huo kabla haijasikiliza kiini cha rufaa. Kwa upande wa pili, aliyeamriwa kulipa anaweza kuiomba mahakama hiyohiyo isimamishe malipo, ikiwa utekelezaji uliamriwa nje ya mipaka ya sheria. Hayo ni mashauri ya haraka, na huamuliwa kwanza.

Mbele ya mahakama ya juu, kinachosikilizwa ni kile tu kilichopingwa. Talaka yenyewe inabaki kwa hakimu wa amani na inaendelea huko. Madai mapya hayaingizwi katika rufaa, ila malimbikizo yaliyoiva tangu hukumu ya chini yanaweza kudaiwa hapo, na mwenye kudai asiyasahau: miezi sita ya posho isiyolipwa ni fedha halisi.

Mara nyingine rufaa si dawa hata kidogo. Posho hubadilika kadiri hali inavyobadilika. Aliyepoteza kazi, au ambaye mtoto wake ameanza matibabu ya gharama, anaweza kurudi kwa hakimu aliyetoa amri na kuomba irekebishwe. Vivyo hivyo kwa aliyepangiwa kiasi kwa faranga ya Kongo kisha faranga ikashuka mbele ya dola, ambayo kodi nyingi za nyumba mjini hutozwa kwayo. Njia hiyo haihitaji kuthibitisha kwamba hakimu alikosea siku ile. Inahitaji kuonyesha kwamba leo si kama siku ile, kwa risiti, barua ya kuachishwa kazi, au shahidi anayemjua mtu na nyumba yake.