Mbwa wa Jirani: Dhamana ni ya Nani?



Kila tukikutana sie tuliohamia Uingereza, halikosi lalamiko la mbwa wa jirani: kabweka usiku kucha, kaacha kinyesi mlangoni, kamrukia mtoto anayetoka madrasa. Hapo utasikia, "Wazungu ndivyo walivyo, mbwa kwao ni mtoto." Kihistoria si hivyo. Utaratibu wa kufuga mbwa mitaani hapa umechukua zaidi ya miaka 200, na kwa ugomvi mkubwa.

Tuanze na 1796, Bunge lilipopitisha kodi ya mbwa. Nchi ilikuwa vitani na Ufaransa, fedha zilihitajika, lakini hofu ya kichaa cha mbwa nayo ilikuwamo katika mjadala. Kodi ikageuzwa leseni 1867, na 1878 bei ikawa shilingi 7 na peni 6. Basi ikaganda hapo hapo! Leseni ilipofutwa 1987 ilikuwa peni 37, na kuikusanya kuligharimu zaidi ya mapato yake. Lakini wazo lilishaota mizizi: kila mbwa awe na mtu wa kuulizwa.

Wazo hilo ndilo lililowaokoa na kichaa. Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister 1885 huko Paris, lakini Waingereza hawakumaliza ugonjwa kwa chanjo. Mwaka 1897 Walter Long, mkuu wa Bodi ya Kilimo, alishikilia amri za kuwafunga mbwa midomo wanapotoka nje, na mbwa wa kutoka ng'ambo wakadhibitiwa. Wenye mbwa walimjia juu, ati anawatesa wanyama. Hakurudi nyuma, na kufikia 1902 kichaa kilikuwa kimekwisha. Kilirejea 1918 kwa mbwa walioingizwa kimagendo baada ya vita, kikazimwa tena 1922. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa linganisheni na Istanbul. Kule mbwa walikuwa wa mtaa mzima: wote wanawalisha, hakuna anayewajibika. Mwaka 1910 watawala wakawakusanya kwa maelfu na kuwatupa katika kisiwa kikavu cha Sivriada, wakafa kwa njaa na kiu. Je, tatizo liliisha? Julai 2024, miaka 114 baadaye, bunge la Uturuki lilikuwa bado linapitisha sheria ya kukusanya mbwa wa mitaani. Kuua mbwa ni rahisi kuliko kumtafuta mwenyewe, lakini hakumalizi kitu.

Wapo watakaosema dini imeshatuondolea mjadala huu, manake mate ya mbwa ni najisi. Sie tuliolelewa katika madhehebu ya Shafii hilo twalijua. Lakini sharia hiyo hiyo iliruhusu mbwa wa kuwindia, wa kuchungia na wa kulinda mazao, na kisa cha aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake twakisoma tangu chuoni. Najisi haikuwa kamwe ruhusa ya kutesa wala ya kutelekeza.

Leo sheria za Uingereza ziko wazi. Mbwa akiwa hadharani avae mshipi wenye jina na anwani ya mwenyewe. Tangu 2016 Uingereza yenyewe, yaani England, inamtaka awe na chipu mwilini. Na tangu 2014 hata mbwa akimdhuru mgeni ndani ya nyumba au uwanja wa mwenyewe, mwenyewe anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo tusinung'unike pembeni: tuongee na jirani kwa adabu, asiposikia twende baraza la mtaa.

Ila kuna upande wa pili, na huu ndio unaoniuma. Nyumba ngapi tunazijenga Dar, Mombasa au Unguja kwa pesa za huku, tukamwambia shamba boi atafute mbwa mkali? Mchana yumo bandani, usiku anafunguliwa, geti likiachwa wazi anatoka mtaani kwenye watoto wa watu. Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilianza 2010, kichaa kikatoweka, kikarudi 2016 kupitia mbwa walioambukizwa nje ya kisiwa, na ikabidi kuchanja upya ndipo kikazimwa. Wataalamu wanasema wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa pa kupita. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za kichaa, ni nadra mno kupona.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa humfuata mwenyewe. Basi kabla ya kumsema Mzungu wa nyumba ya pili, tupige simu nyumbani tuulize: yule mbwa wetu amechanjwa lini, na usiku analala wapi?