Chama kilichokufa kwa kubonyeza kitufe

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo huwa tunaitoa pale tunapomtafuta msaliti, na tukishampata tunaona kazi imekwisha. Juma hili, ndugu msomaji, ningependa tuitazame upya kwa kutumia kisa cha chama kimoja ambacho hakikuwa na jengo, hakikuwa na bendera juu ya mlingoti, wala hakikupata kuandikishwa na serikali yoyote hapa duniani. Hata hivyo kilikuwa na wanachama kwa maelfu, kilikuwa na hazina, majeshi, mabalozi na majasusi. Kikafa tarehe 5 Februari 2009 kwa mkono wa mtu mmoja aliyekuwa ameketi mbele ya kompyuta yake.

Chama hicho kiliitwa Band of Brothers, na makao yake yalikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta unaoitwa EVE Online. Mchezo huo ulitengenezwa na kampuni ya CCP ya mjini Reykjavík, Iceland, na ukafunguliwa kwa umma mwezi Mei 2003. Michezo mingi ya namna hiyo huwagawa wachezaji wake, kila kundi likaishi katika nakala yake ya dunia. Huu haukufanya hivyo. Ukiacha wachezaji wa China, waliotengewa anga yao, wengine wote hukutana katika anga moja yenye nyota zaidi ya 5,000. Mmarekani, Mrusi na Mfaransa wote huchimba madini katika miamba ile ile, huuziana bidhaa katika soko lile lile, na hupigana vita ile ile. Mwaka 2009 wachezaji waliokuwa wakilipa ada walifikia 300,000.

Katikati ya anga hiyo kuna polisi wanaoendeshwa na kompyuta. Pembezoni hakuna polisi. Huko mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na kwa kuwa mtu mmoja peke yake hana nguvu, wachezaji hujiunga katika makampuni, na makampuni nayo hujiunga katika miungano. Watengenezaji wa mchezo waliyaita makundi hayo makubwa miungano. Mimi nayaita vyama, kwa sababu neno letu hilo ni pana, linatosha kubeba chama cha siasa, chama cha ushirika na hata chama cha kuzikana. Na kama tutakavyoona, yaliyowapata hawa yanaweza kumpata yeyote kati ya hao.

Band of Brothers kilikuwa chama cha wakongwe. Wanachama wake walikuwa na uzoefu, nidhamu na meli za gharama kubwa. Mwezi Desemba 2006 kiliiangamiza Titani ya kwanza kupata kuundwa katika mchezo huo, na Titani ndiyo meli kubwa kupita zote. Ngome yao ilikuwa jimbo liitwalo Delve, na hawakuficha nia yao ya kuitawala anga yote ya pembezoni.

Waliowapinga walikuwa watu wa aina nyingine kabisa. Goonswarm kilikuwa chama kilichozaliwa kutokana na tovuti moja ya vichekesho ya Marekani. Wengi wa wanachama wake walikuwa wageni wa mchezo, wasiojua mengi, waliopanda vyombo vya bei rahisi na kuwavamia wakubwa kwa wingi wao. Siafu mmoja si kitu, lakini msafara wa siafu humtoa mtu kitandani usiku wa manane. Goonswarm walishikamana na Warusi na Wafaransa, na vita yao na Band of Brothers ikaendelea kwa miaka, kila upande ukitumia risasi, propaganda na ujasusi.

Katikati ya vita hiyo, mwezi Februari 2007, ilithibitika kwamba mfanyakazi mmoja wa CCP, ambaye alikuwa pia mchezaji ndani ya Band of Brothers, alikuwa amejipatia isivyo halali michoro adimu ya kuundia vyombo. Kwa lugha nyepesi, refarii alikutwa amevaa jezi ya timu moja. Malalamiko yalikuwa makubwa. Kampuni iliunda kitengo cha kuwachunguza wafanyakazi wake, kisha mwaka 2008 ikaitisha uchaguzi wa baraza la wachezaji. Wajumbe 9 walichaguliwa kwa kura, wakasafirishwa hadi Reykjavík kukaa meza moja na wenye mchezo. Hivyo ndivyo watu waliokuwa wakicheza tu walivyojikuta wakidai mambo ambayo raia hudai popote pale: uwakilishi, uwazi na mwamuzi asiyependelea.

Mwezi Oktoba 2008 benki tatu kubwa za Iceland zilianguka kwa mfululizo, na taifa hilo dogo likatetemeka. Miezi minne baadaye, ndani ya mchezo uliotengenezwa na taifa hilo hilo, kikaanguka chama kilichodhaniwa hakianguki.

Kilianguka vipi? Mmoja wa wakurugenzi wake alikuwa amechoshwa na chama chake. Akawasiliana na mkuu wa ujasusi wa Goonswarm na kujitolea kuhamia upande wao. Kwa kawaida mtoro wa namna hiyo hubeba fedha na meli anazoweza kubeba, na huyu naye alibeba. Lakini katika mazungumzo yao ilionekana kuwa alikuwa na kitu kikubwa kuliko fedha. Yeye alikuwa mkurugenzi katika kampuni iliyoshika uongozi wa muungano mzima, na kwa kanuni za mchezo, mkurugenzi wa kampuni hiyo aliweza kuzifukuza kampuni nyingine zote na kuuvunja muungano, bila kikao, bila kura, bila saini ya pili. Basi akauvunja.

Hebu fikiri, msomaji. Makamanda wa chama hicho walikuwa wamejiandaa kwa mashambulizi ya kila namna. Walikuwa na walinzi wa zamu mchana na usiku, maana wanachama wao walitoka katika nchi zenye saa tofauti. Lakini siku ile hakuna ngome iliyovunjwa. Chama kilifutwa tu katika daftari. Kwa kuwa umiliki wa majimbo ulikuwa umeandikwa kwa jina la chama, umiliki nao ukafutika, na mitambo ya ulinzi iliyotegemea umiliki huo ikazimika. Wapinzani wakawahi kulisajili jina lile lile, ili wenyewe wasiweze kulirudia. Ikabidi ndugu hao wajikusanye chini ya jina jingine, KenZoku, na katika majuma yaliyofuata wakaipoteza Delve.

Walikuwepo waliotaka kampuni iingilie kati na kurudisha mambo yalivyokuwa. CCP ilikataa. Mtu yule hakuiba neno la siri la mwenzake wala hakuharibu mitambo. Alitumia madaraka aliyopewa na chama chake mwenyewe. Kama kanuni ilikuwa mbaya, ilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, na wote waliingia wakiijua au wakiwa na nafasi ya kuijua.

Hapa ndipo ninapotaka kurudi kwenye methali yetu. Kikulacho ki nguoni mwako, naam. Lakini kunguni hukaa kwenye nguo isiyokunjuliwa. Kumlaani msaliti ni rahisi, na anastahili laana yake. Swali gumu zaidi ni kwa nini chama cha maelfu kilimwachia mtu mmoja ufunguo wa kukizika. Jibu ni kwamba ilikuwa inarahisisha kazi. Wakurugenzi wengi wenye madaraka kamili maana yake ni shughuli kwenda haraka, na wakati mambo yanakwenda vizuri hakuna anayetaka kusikia habari ya saini mbili.

Mtu anaweza kusema kwamba lile lilikuwa kosa la watu wa Band of Brothers peke yao. Tuwaangalie basi walioshinda. Goonswarm walihamia Delve wakakaa kama mabwana. Mwezi Desemba 2009 kanuni za mchezo zilibadilishwa, na kila chama kikatakiwa kulipa bili ili kuendelea kumiliki majimbo yake. Mapema mwaka 2010, haujatimia hata mwaka mmoja na nusu tangu ushindi wao, Goonswarm walipoteza majimbo yao kwa sababu bili haikulipwa. Baada ya hapo kiongozi wao mwenyewe akakomba mali na kukivunja chama. Waliowavunja wenzao kwa kitufe wakavunjwa na kitufe. Mabaki ya Band of Brothers, sasa chini ya jina jingine tena, wakarudi Delve.

Na haikuishia hapo. Tarehe 27 Januari 2014 bili nyingine ya umiliki ilipita bila kulipwa katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB. Wapinzani wakaingia, wenyewe wakakimbilia kutetea, na ikazuka vita iliyodumu saa 21 na kuwashirikisha wachezaji zaidi ya 7,500. Titani 75 ziliteketea. Thamani ya vyombo vilivyoangamia ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 za Kimarekani, fedha halisi. Kampuni iliyaacha mabaki hayo yaelee pale pale kama kumbukumbu. Mnara wa vita uliojengwa na ankara isiyolipwa!

Wapo watakaosema, huo si mchezo tu? Ni mchezo, lakini waliomo ni watu. Tarehe 11 Septemba 2012, katika shambulio la Benghazi nchini Libya, aliuawa ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliyeitwa Sean Smith. Ndani ya EVE Online yeye alikuwa mwanadiplomasia mashuhuri wa Goonswarm, na aliwahi kuwa mjumbe wa lile baraza la wachezaji. Habari zilipofika, wachezaji walivipa vituo vyao vya angani jina lake la mchezoni, hata wale waliokuwa mahasimu wa chama chake. Vyombo vilikuwa vya kubuni, lakini uaminifu, hasira na majonzi vilikuwa vya kweli.

Tofauti ya mwisho kati ya vyama hivyo viwili inafaa kuangaliwa. Vyote vilivunjwa, na vyote vilijaribu kufufuka. Warithi wa Band of Brothers walisambaratika tena mwaka 2011. Goonswarm walirudi kwa jina lililobadilishwa kidogo, na wakawa miongoni mwa wenye nguvu kubwa kabisa katika anga ile kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, sababu ni kwamba hawa wa pili walikuwa wamoja kabla ya kuwa na cheti. Walijuana, walitaniana na kugombana katika tovuti yao ya zamani, mahali ambapo kitufe cha mkurugenzi hakikufika. Daftari lilipochanwa, watu walibaki. Wale wa kwanza waliunganishwa zaidi na ushindi na jimbo lao, na hivyo viwili vilipoondoka, palibaki kidogo cha kuwarudisha pamoja.

Kwa hiyo kila mwenye chama, kiwe kikubwa au cha watu kumi wa mtaani wanaochangishana, ana maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kuanza kumtafuta adui wa nje. La kwanza, ni nani mwenye uwezo wa kukifuta chama hiki peke yake, na nani alimpa uwezo huo? La pili, kikifutwa leo usiku, je, kesho asubuhi tutatafutana? Penye jibu la wazi kwa swali la kwanza, msaliti atapata kazi ngumu. Penye ndiyo kwa swali la pili, hata akifanikiwa, atakuwa amechoma karatasi tu.

Hadi juma lijalo, kwaheri.