Ala ya Sime na Mafuta Yake

Mwaka jana, nilipokuwa nikipanga vitu vya sanduku la marehemu baba yangu, niliikuta sime ya babu ndani ya ala yake, imefungwa katika karatasi ya nailoni. Nikajaribu kuichomoa, isitoke. Kwa haraka yangu nikatwaa mafuta machafu ya injini, nikayamimina kinywani mwa ala, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi sime ilitoka. Walakini ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi na kulegea, mshono umefunguka, na chuma kina madoa ya kutu toka mpinini hata nchani. Shangazi yangu alipoiona alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huko chuoni hamkufundishwa habari ya ngozi?" Kweli hatukufundishwa. Tangu siku hiyo nimeitafuta habari hiyo, na hapa ninawaletea wasomaji sehemu ya niliyoyapata.

Sisi si Wamasai. Babu alibadilisha mbuzi akapata sime ile kwao, kama walivyofanya wazee wengi wa pande zetu. Wengi wenu mmeiona sime ya Kimasai: chuma chake hukata pande mbili, ni chembamba karibu na mpini, nacho hupanuka kuelekea ncha. Waliozifua ni wahunzi wao, waitwao Ilkunono, watu waliotengwa kidogo na wenzao. Wageni waliokaa na Wamasai mwanzo wa karne ya 20 wameandika ya kuwa mtu alipopokea silaha mkononi mwa mhunzi, alijipaka mafuta mikononi kwanza. Kwao hilo lilikuwa jambo la utakaso, si la kuzuia kutu. Lakini chuma hakijui tofauti.

Ala ya sime hiyo si ngozi tupu. Ndani mna vibao viwili vyembamba, na juu yake imevutwa ngozi mbichi, ikashonwa, kisha ikatiwa rangi nyekundu. Mpini nao huvikwa ngozi. Neno "mbichi" ndilo lenye fumbo lote. Ngozi ya mnyama ni nyuzi nyingi zilizosukana. Ikilowa maji nyuzi hulainika na kuvimba; ikikauka hujikaza, nayo hukamata kibao pasipo msumari wala gundi. Ndiyo sababu fundi huishona ingali na maji. Lakini ngozi hiyo haikugeuzwa asili yake. Ilowe tena, italegea tena. Ikae na unyevu siku nyingi, itaoza kama nyama. Na ikipata moto ikiwa imelowa, hujikunja yote, maana joto la digrii 60 hivi latosha kuiharibu, wala hairudi tena kuwa kama kwanza.

Ngozi iliyodabaghiwa ni nyingine kabisa. Kudabaghi ni kuiloweka ngozi katika maji ya magome yenye tanini, ile dawa chungu ikazayo ulimi mtu atafunapo gome. Tanini hushikamana na nyuzi, na tangu hapo wadudu wa uozo hawaziwezi kwa urahisi. Magome ya mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji yaliuzwa ng'ambo kwa kazi hiyo, na miti ya miwati iliyotoka Australia ilipandwa sana Kenya tangu mwanzo wa karne ya 20, na Njombe tangu 1949, kwa ajili ya magome yake. Kazi yenyewe ni ya kale mno. Wasomaji watamkumbuka yule Simoni wa Yafa, mwenye nyumba kando ya bahari, ambaye Petro alikaa kwake: alikuwa mtengenezaji wa ngozi.

Wala kupaka ngozi mafuta si jambo jipya. Katika Isaya sura ya 21 wakuu wanaamriwa kuzipaka ngao mafuta, na Daudi akimlilia Sauli anaitaja ngao isiyopakwa mafuta. Nilipokuwa kijana nilidhani ni maneno ya ibada tu. Lakini ngao nyingi za siku zile zilikuwa za ngozi, na ngozi iliyokauka sana hupasuka. Askari aliyeiacha ngao yake bila mafuta aliingia vitani na kitu kilichokwisha kufa.

Hata majeshi makubwa ya siku za karibu yalilisahau somo hili, yakafundishwa tena kwa hasara. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji wa Marekani lilichagua kisu ambacho mpini wake ni visahani vya ngozi vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja na kubanwa kwa nguvu. Mpini wa namna hiyo hushikika vizuri hata mkono ukiwa na jasho. Lakini katika visiwa vya Pasifiki, penye mvua, joto na chumvi ya bahari, mipini na ala za ngozi zilishikwa na ukungu na kuoza. Ndipo jeshi la nchi kavu likaacha ala yake ya ngozi na kuchukua nyingine isiyo ya ngozi, na mipini ya singe zake pia ikaja kubadilishwa. Askari wa Afrika Mashariki waliopita bonde la Kabaw, katika nchi ya Burma, wakati wa mvua za mwaka 1944, walikutana na adui yuyo huyo katika viatu na mikanda.

Nilidhani basi dawa ni mafuta mengi. Sivyo. Makumbusho ya Uingereza huko London yalikuwa na dawa mashuhuri ya kupaka ngozi, yenye mafuta ya manyoya ya kondoo, nta ya nyuki na mafuta ya mwerezi. Kwa miaka mingi watunza vitu vya kale waliipaka, hata wakaona ngozi zikigeuka nyeusi, zikinata, zikikusanya vumbi. Leo wengi wao hawapaki kitu. Hutazama tu hewa isiwe na unyevu mwingi wala kavu mno. Hayo ni ya kitu kilicholala kabatini. Kisu cha kazi kinapigwa jua na jasho kila siku, nacho chahitaji mafuta kidogo na nta, yapakwe kwa kitambaa, yaliyozidi yafutwe.

Nilimsomea shangazi habari hizo. Akacheka. Akasema babu alipaka mafuta ya kondoo mara moja wakati wa kiangazi, kiasi cha kung'arisha tu, na wakati wa masika aliitundika ala juu ya jiko, mbali na moto, moshi uifikie. Moshi wa kuni una dawa ishikamanayo na nyuzi za ngozi, karibu kama tanini. Babu hakulijua jina lake. Tena, asema shangazi, sime yenyewe hakuilaza ndani ya ala. Aliivaa alaye alipotoka, na aliporudi aliichomoa, akaipangusa. Maana ala hunywa unyevu na kuushika, nacho chuma hulala ndani yake kama mtu aliyelala katika nguo mbichi. Ile nailoni ya baba, aliyoifunga kwa upendo ili kitu cha mzee kisiharibike, ndiyo iliyoufungia unyevu ndani miaka ile yote.

Mafuta ya injini sikuweza kuyatoa yote. Nimeyafyonza kwa unga wa chaki na vitambaa vikavu kwa muda wa majuma matatu, na fundi wa viatu ameushona mshono upya kwa uzi uliopakwa nta. Ule wekundu haukurudi. Sime sasa imetundikwa ukutani, na ala yake imetundikwa kando, tupu.